Chupa za damu zisipitwe na muda jokofuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu damu tunayojitolea hapa Kigoma. Chupa moja, ikitenganishwa mapema, huweza kuwafaa wagonjwa kadhaa: chembe nyekundu kwa mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria, utegili, yaani majimaji ya damu, kwa mama aliyejifungua ambaye damu yake haigandi, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, kwa anayevuja damu kwa kukosa chembe hizo. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 kwa siku 35, au 42 zikiongezewa kihifadhi maalumu, ilhali chembe sahani huwekwa katika joto la chumba, zikitikiswa taratibu, na kwa kawaida hudumu siku 5 tu.

Kwa kuwa kituo cha kanda cha damu salama kiko Tabora, mbali nasi, naziomba hospitali za mkoa wetu zipeane taarifa za akiba kila wiki, ili chupa inayokaribia mwisho wa muda wake ihamishiwe inakohitajika. Wodini nako kuna upotevu unaoniuma zaidi: chupa huagizwa kabla mgonjwa hajawa tayari, ikaachwa mezani, na ikishapita nusu saa nje ya jokofu hairudishwi tena benki ya damu. Iagizwe pale tu muuguzi anapokuwa tayari kuitundika. Wanafunzi, ambao ndio wachangiaji wetu wakubwa, wakifunga shule akiba hupungua, na hapo kila chupa ina mgonjwa anayeisubiri.

Mchangia damu,
Ujiji, Kigoma