Dar ilikuwa inapaa, Mbeya haivuti: usikimbilie kununua tabo nyingine

Kuna malalamiko yanajirudia hapa gereji mpaka tumeona bora tuyaandike. Mtu ananunua gari ya tabo (turbo, kifeni kinachozungushwa na moshi wa ekzosi kusukumia injini hewa zaidi) Dar, inapaa, anapanda nayo Mbeya, anakuja kwetu kumwaga oili na kubadili filta, akitoka anaona gari inachelewa kuitika mguu. Basi, sisi ndo tumemchomolea kitu. Wa mwisho alikuja na shemeji yake, sauti juu mbele ya wateja wengine, anataka tabo yake ya zamani. Tabo ilikuwa hiyohiyo, bolti zake zina kutu ya miaka, hazijaguswa na spana ya mtu.

Sasa tuelewane. Dar mko usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa unacheza kwenye kilopaskali 101. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, huku ni kama 82 au 83, yaani hewa imepungua karibu asilimia 18. Gari isiyo na tabo haina ujanja, kila ukipanda mita 100 inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu, ndo maana Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli isiyo na tabo, ukiipandisha njia ya Chunya inalia mpaka unaionea huruma. Ya tabo inajitahidi, feni inazunguka kasi zaidi kujazia kilichopungua.

Ila haijazii bure. Tabo iliyokuwa Dar inasukuma baa 1 (kilopaskali 100) juu ya hewa ya nje ilikuwa inaizidisha hewa mara 2, kupata ujazo uleule hapa lazima iizidishe karibu mara 2 na nusu. Shafti ambayo tayari inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika inaongezewa kasi, hewa inatoka ya moto zaidi, na intakula, rejeta inayopoza hewa inayotoka kwenye tabo, nayo inapozwa na upepo mwepesi. Halafu ukikanyaga kutoka chini, kabla tabo haijachanganya, gari yako ni kama haina tabo kabisa, ndo huo uzito unaousikia ukiondoka pale Mafiati. Uzito huo kidogo ni wa kawaida, sisi hatuutengenezi, na atakayekwambia anautengeneza muulize kivipi.

Kisicho cha kawaida ni gari kugoma mlimani, moshi mweusi, taa ya cheki injini. Hapo ndo watu wanapoliwa hela. Dar tabo ina akiba, hozi ikivuja kidogo inafidia na wewe hujui. Ukifika huku akiba imeshatumika kwenye mwinuko, na tundu lilelile dogo linaanza kukusumbua. Tuliletewa Hilux ya mfanyabiashara wa mpunga kutoka Ubaruku, kashafungiwa tabo mbili za mtumba sehemu nyingine, zote "mbovu". Tukaipiga mashine ya moshi, ile inayojaza moshi kwenye njia ya hewa ili panapovuja paonekane, moshi ukatokea chini ya hozi ya intakula, imechanika upande wa klampu ambako macho hayafiki. Hozi moja tu!! Tabo moja anayo mpaka leo nyumbani, nzima kabisa.

Mwingine alibadilishiwa sensa ya mgandamizo kwa sababu fundi aliwasha swichi bila kuwasha injini, mashine ya kusomea kompyuta ya gari ikasoma kilopaskali 82, akasema imekufa mbona haifiki 100. Boss, hiyo sensa ilikuwa inasema ukweli, ingesoma 100 hapa Mbeya ndo ningekuwa na wasiwasi. Na hizi saa za tabo mnazofunga kwenye dashibodi, nyingi zinapima tofauti na hewa ya nje, kwa hiyo baa 1 ya Dar na baa 1 ya huku hazilingani.

Kinachotuuma zaidi ni skrubu ya pampu. Kwenye dizeli za zamani mtu akiona gari nzito anaenda kijiweni anaongezewa mafuta kwenye pampu kwa hela ya soda, gari inatoka na moshi kama tanuri la matofali, na siku hiyo inavuta kweli, anasifia. Sasa hewa ndo iliyopungua na wewe unaongeza dizeli, haiungui vizuri, joto la ekzosi linapanda, ukipakia mzigo ukapandisha Kitonga pistoni zinaanza kuyeyuka na hakuna taa itakayokwambia. Tulishusha injini ya 1HD-T, dizeli ya tabo ya Land Cruiser, ya hivyo, pistoni imetoboka, hedi ina ufa, mzee mwenye gari akauliza kwani haiwezekani kulehemu. Alifanya ovahoo nzima. Wenye petroli wao wanafinya hozi ya westigeti (mlango unaopunguza moshi unaozungusha tabo) ili tabo isukume zaidi, wakati kompyuta ilikuwa inaipunguza makusudi kulinda shafti, baada ya hapo beringi zinakwisha na moshi wa bluu unaanza.

Kuhusu bei: ndiyo, tunatoza kupima hata tusipobadilisha kitu, na ndiyo, ni zaidi ya kijiweni. Humo ndani kuna kupiga moshi njia nzima ya hewa kutoka filta mpaka manifodi, kuangalia vena za tabo (vibao vidogo vinavyoelekeza moshi wa ekzosi) kama zimenata kwa masizi, na kupandisha gari njia ya Chunya mashine ikiwa imeunganishwa, fundi mmoja anaendesha mwingine anasoma namba. Linganisha na bei ya tabo uliyoambiwa ununue. Tukikuta gari ni nzima tunakuandikia ni nzima, na kuna watu hilo ndo linawaudhi kabisa, wanaona wamelipia hewa.

Ukija njoo asubuhi gari ikiwa ya baridi, usiipige resi kutuonyesha, Juni na Julai oili huku inakuwa nzito na inachelewa kufika kwenye tabo. Na tafadhali usioshe injini kabla ya kuja, ule ukungu wa oili kwenye maungio ya hozi ndo unaotuonyesha hewa inatokea wapi, mkiuosha kazi inakuwa ndefu halafu mnasema tunatoza sana.