YAH: Malalamiko kuhusu rangi nyekundu iliyobandikwa lebo isiyo yake, na lugha chafu niliyotolewa dukani kwenu

Kwa Meneja Mkuu,

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza naomba barua hii isirudishwe dukani ikajibiwe na msimamizi wa duka, kwa sababu ninayemlalamikia ni yeye. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua, sina haja ya kuyanukuu. Nimeambatisha nakala ya risiti ya mashine, stika iliyobandikwa juu ya lebo ya kiwanda, na kipande cha majaribio ambacho nitakieleza.

Bidhaa yenyewe ni rangi nyekundu ya akriliki, chupa tatu za mililita 500. Stika hiyo inasema Cadmium Red Deep, yaani nyekundu ya kadimiamu, na PR108 ndiyo namba ya kutambulisha aina hiyo ya rangi. Niliilipia bei ya kadimiamu, zaidi ya mara tatu ya nyekundu nyingine iliyokuwa kwenye rafu hiyohiyo. Mchoraji halipi fedha yote hiyo kwa ajili ya wekundu, maana nyekundu za bei rahisi zimejaa madukani. Analipa ili wekundu ubaki ukutani kwa mteja miaka na miaka. Ninyi mnauza vifaa vya sanaa, hilo mnalijua kabla sijaanza kuandika.

Picha niliyoichora kwa rangi hiyo inaonyesha akina mama wakishuka pantoni Kigamboni asubuhi, na khanga nyekundu ndizo zinazobeba picha nzima. Iliagizwa na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo. Ilitundikwa mapokezi, mahali panapopata mwanga wa dirishani lakini jua haliipigi. Bluu ya bahari, ultramarine PB29 niliyoinunua kwingine, iko vilevile. Manjano ya udongo iko vilevile. Khanga zimepauka. Za mbele zimekuwa waridi la kuchuja, na zile za nyuma, nilizochanganya na nyeupe kidogo ili zionekane ziko mbali, zimekaribia kutoweka, mpaka unaona akina mama wamejifunga shuka za hospitali. Mteja alinipigia simu kwa adabu kabisa akaniuliza kama nilitumia rangi za watoto wa shule.

Nilikuja dukani nikiwa na picha hiyo, na mpwa wangu akinisaidia kuibeba. Ndipo msimamizi wenu, mbele ya wateja, aliponiambia: "Mama, si mnawauzia wazungu? Mzungu akishapanda ndege, nani atarudi kukuuliza?"

Nitalirudia jambo hilo baadaye, kwa sababu siwezi kulipita.

Nieleze kwanza ya stika. Tangu mwanzo rangi hii ilinitia shaka. Kadimiamu ya aina hii ukiichanganya na nyeupe ya titani hutoa waridi lililotulia, lenye uzito wa udongo. Hii ilitoa waridi kali lenye zambarau ndani yake. Nikapiga simu dukani siku hiyohiyo, nikajibiwa kwamba ni toleo jipya la kiwandani, niwe na amani. Nilipotoka dukani kwenu siku ya matusi, niliiloweka chupa kwenye maji ya vuguvugu. Stika yenu ilivuka nzima, haikuchanika hata kona. Chini yake ilikuwepo lebo ya kiwanda, herufi ndogo lakini zinasomeka bila miwani: PR57:1. Hakuna kadimiamu hata chembe. PR57:1 ni nyekundu ya wino wa kuchapia, ile inayotumika kwenye majarida na mabango. Kwa kazi hiyo ni rangi nzuri, maana bango halikai miaka. Kwa picha ya ukutani haifai, kwani mwanga unaila, na ukiiongezea nyeupe inaliwa haraka zaidi.

Kiwanda hakikudanganya. Kiwanda kiliandika ukweli kwenye lebo yake. Aliyeufunika ukweli huo kwa stika ana ufunguo wa stoo yenu.

Ili asitokee mtu wa kusema nimeichanganya rangi vibaya, nilipaka mstari mmoja wa chupa hiyo, haujatiwa maji wala nyeupe, juu ya kipande cha kitambaa cha marekani nilichokipaka prima, rangi ya msingi, mwenyewe. Nusu nikaifunika kwa kadi nyeusi, nikakiweka dirishani kwenye jua la alasiri. Hicho ndicho kipande nilichoambatisha. Ondoeni kadi mjionee mpaka ulivyokaa, upande huu damu ya mzee, upande huu waridi. Pembeni yake kuna mstari wa kadimiamu kutoka kwenye tyubu ya zamani niliyobaki nayo. Huo wa pembeni haukuguswa.

Na kuna jambo ambalo nalitaja kwa uchungu wa mzazi. Ninachorea nyumbani, chumba cha uani. Niliacha rangi za mafuta kwa sababu harufu ya thina ilikuwa inalala na watoto wangu. Jumamosi napokea watoto wa mtaani kwetu, wanajifunza. Kadimiamu naiweka rafu ya juu kabisa na hawaigusi, na mimi mwenyewe sipigi msasa picha yenye kadimiamu, kwa sababu vumbi lake ni sumu kulivuta. Yote haya nayafanya kwa kusoma lebo. Mtu wa karakana ya nyumbani hana maabara, ana lebo tu. Leo stika imeita kadimiamu kitu kisicho na kadimiamu. Kesho ikiita salama kitu chenye sumu, mtoto wa nani atakilamba? Mlishawahi kukaa mkajiuliza?

Sasa narudi kwenye siku ile.

Nilifika mchana, duka lina watu. Nilisalimia. Nikaweka picha juu ya kaunta, nikaomba kuonana na msimamizi. Alitoka ofisini na kalamu mkononi. Hakuniambia karibu, hakuitikia salamu. Aliitazama risiti kwanza, akasema siku saba za kurudisha bidhaa zimepita. Nikamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba rangi ya picha ya ukutani haionekani kupauka ndani ya siku saba, kwa hiyo sharti hilo haliwezi kumlinda mteja kwenye kosa la namna hii. Akaigonga picha kwa kalamu yake, juu ya khanga ya mama wa mbele. Aliigonga kazi ya mtu! Alama ya wino ipo mpaka leo. Akasema ninyi wachoraji wa Tingatinga mmezoea rangi za baiskeli, kadimiamu mnaijulia wapi. Halafu ndipo akasema lile neno, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Mama, si mnawauzia wazungu? Mzungu akishapanda ndege, nani atarudi kukuuliza?" Watu wawili kwenye foleni wakacheka. Akamwita mlinzi "amsaidie mama kutoa mbao zake". Mpwa wangu, kijana anayejifunza kazi hii kwangu, alikuwa ameshika upande wa pili wa fremu. Aliniangalia kuona nitajibu nini.

Sikujibu pale. Najibu hapa.

Mteja wangu si mzungu, ni Mtanzania. Na hata angekuwa mzungu wa kupanda ndege usiku uleule, nisingemuuzia kitu ninachojua kitakufa sandukuni mwake. Jina langu liko kwenye kona ya kila picha. Ninyi mna stika mnayoweza kuibandua na kubandika nyingine, mimi sina.

Na hayo ya baiskeli, msimamizi wenu asiyatumie kama tusi. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji unaobeba jina lake, alipoanza mwaka 1968 alichukua rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Alifariki mwaka 1972, na kazi zake mpaka leo watu wanazitunza na kuzitafuta. Rangi ya baiskeli ilikuwa inauzwa kama rangi ya baiskeli. Haikubandikwa jina la kitu kingine.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Nirudishiwe fedha ya chupa zote tatu zilizomo kwenye risiti, kwa sababu zote zina stika hiyohiyo. Chupa zilizobaki rafuni ziondolewe leo, zisisubiri kikao. Na msimamizi aniombe radhi kwa maandishi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuishia hapo. Lakini nimemkumbuka yule mama wa Bagamoyo, ambaye nimemwahidi kumchorea picha upya bila malipo, kwa kanvasi yangu na muda wangu, huku kazi nyingine zimesimama. Basi gharama ya picha hiyo nayo ni yenu, pamoja na nauli ya kuifuata na kuirudisha. Na radhi isiwe ya barua peke yake. Aniombe palepale kaunta, mchana, duka likiwa na watu, na mpwa wangu akiwepo, kwa kuwa matusi hayakutolewa faraghani.

Nawapa siku kumi na nne za kazi. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko haya na chupa zenyewe kwenye Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na stika juu ya lebo ya kiwanda haihitaji wakili wa kuifafanua. Nakala itakwenda Shirika la Viwango. Nitakwenda pia mwenyewe Morogoro Stores, Oysterbay, na Mwenge, nikiwa na chupa mkononi, nimwonyeshe kila mchoraji namna ya kuloweka stika zenu. Wengi wao wananunua kwenu. Wana wateja, na majina yao yako kwenye kona za picha kama langu.

Chupa ya tatu sijaifungua wala sijailoweka. Mkitaka, tumeni mtu mwenye mamlaka, asiwe msimamizi yule, aje Magomeni aibandue stika kwa mkono wake mbele yangu. Namba yangu ya simu mnayo kwenye daftari la wateja. Nasubiri majibu ya maandishi, yenye sahihi na mhuri.

Wenu,
Mchoraji na mteja, Magomeni, Dar es Salaam

Viambatisho: nakala ya risiti, stika iliyobanduliwa, picha ya lebo ya kiwanda, kipande cha majaribio, picha ya alama ya wino.