Barua ya wazi kwa wafamasia vijana wa Mtwara na Lindi: nne ya wapi?

Wanangu wafamasia na mafundi dawa sanifu,

Marahaba zenu. Leo nimekasirika kidogo, mnivumilie.

Kinachoniudhi ni jibu la neno moja. Muuguzi wa zamu ya usiku anapiga simu: "Mtoto wa kilo 13, atesuneti, sindano ya malaria kali, nimpe mililita ngapi?" Aliyepo dirishani, vidonge mkononi, anajibu "Nne," anakata. Nne ya wapi?

Shikeni kalamu. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa mg 3 kwa kila kilo, basi huyu anahitaji mg 39. Kichupa cha mg 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti inayokuja nacho, kikatikiswa mpaka dawa iwe angavu. Hapo njia zinaachana. Ya kuchoma kwenye mshipa inaongezwa mililita 5 za maji ya chumvi: kila mililita mg 10, mtoto anapata 3.9, yaani 4. Ya kuchoma kwenye msuli inaongezwa mililita 2 tu: kila mililita mg 20, anapata karibu 2. "Nne" yako ikimkuta muuguzi ambaye kanula, kile kimrija cha mshipani, imemgomea na ameshachanganya ya msuli, mtoto anachomwa dozi maradufu. Ikigeuka, "mbili" ikamkuta aliyechanganya ya mshipa, anapata nusu, na malaria kali haina subira. Maji ya sindano hayatumiki hapo, na kilichochanganywa kitumike ndani ya saa moja. Vichupa vya mg 30 na 120 navyo vipo, vina hesabu zao.

Kwa hiyo kabla ya kutamka namba, uliza: uzito umepimwa au umekisiwa? Kichupa cha mg ngapi? Mshipa au msuli? Ni dozi ya ngapi? Maana ya pili huja baada ya saa 12, ya tatu saa 24 baada ya ile ya kwanza. Na nyumbani kanywa nini? Msimu wa korosho pesa ikiingia, duka la dawa hutembelewa kabla ya hospitali. Ila usiulize kama polisi. Yule dada yuko peke yake na wodi nzima, na kukupigia kwenyewe ni uungwana. Ukimkaripia leo, kesho atakisia.

Mengine nayataja tu. Seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, na ringa lakteti, dripu yenye kalsiamu, havikutani kwenye mpira mmoja, na kichanga anayepewa kalsiamu kwenye mshipa haguswi na seftriaksoni. Seftriaksoni iliyoyeyushwa kwa lignokaini, dawa ya ganzi, ni ya msuli peke yake. Fenitoini, dawa ya degedege, huwekwa kwenye maji ya chumvi; kwenye deksitrosi, dripu ya sukari, hugandamana. Mgonjwa akidhurika na dawa, kadi ya njano, ile ya kuripoti madhara ya dawa, iende TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Sisi wakubwa nasi tuna aibu yetu. Mwongozo wa matibabu tunaufungia kabatini, ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda semina Dodoma. Halafu mfamasia tunamwita muuza dawa, tunashangaa akijibu kama muuza duka.

Usipojua, sema "nipe dakika kumi," fungua mwongozo, kisha piga wewe. Jibu liandikwe kwenye daftari: saa, aliyeuliza, uzito, njia, ulichojibu na ulikokitoa. Andika na namba ya wodi, kwa sababu dozi ya pili ikifika, muuguzi atakuwa mwingine.