Hadithi ya polisi wa Marekani: bunduki ziko sawa, sheria hazipo

Kwa Mhariri,

Kila Jumamosi nasoma hadithi yenu ya mfululizo kuhusu ukoo wa polisi wa Marekani: babu, baba na mjukuu, na bastola moja inayorithiwa. Naipenda. Nilikuwa askari, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nilitunza ghala la silaha katika kituo kimoja hapa Nairobi, ndiyo maana mke wangu hunikuta nikibishana na gazeti kabla hata ya kunywa chai. Mwandishi anazijua bunduki. Uzito wa bombomu la Thompson, harufu ya mafuta ya kusafishia mtutu, bega linavyouma kesho yake, hayo yote kayapatia. Asichokijua ni sheria.

Tumtazame babu. Mwaka wa 1932 anawakimbiza majambazi wa benki akiwa na beji ya FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, na bombomu mkononi. Kwanza, idara ile ilianza kuitwa FBI mwaka wa 1935. Pili, maafisa wake wakati huo hawakuwa na mamlaka ya jumla ya kubeba silaha wala kukamata watu; ilibidi wamwite polisi wa mji au sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Afisa wao mmoja na polisi watatu walipouawa kwa risasi nje ya stesheni ya reli ya Kansas City, Juni 1933, ndipo kilio kilipopanda, na Bunge likawapa mamlaka hayo 1934. Mwaka huo huo serikali ikaweka kodi ya dola 200 kwa kila bombomu linalouzwa, karibu bei ya Thompson yenyewe. Kabla ya hapo, sehemu nyingi raia aliweza kuinunua dukani. Sasa fikiria: jambazi ana Thompson, na babu mwenye beji anatafuta simu ampigie sherifu! Utamu wote huo mwandishi kaupita.

Kosa la baba ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tuko Memphis, jimbo la Tennessee, 1974. Baba anampiga risasi kijana anayetoroka baada ya kuvunja nyumba, na kunapokucha wakubwa wake wanamtia pingu. Haikuwa hivyo, tena Memphis hiyo hiyo. Oktoba 1974, Edward Garner, mtoto wa miaka 15, aliingia nyumba ya watu usiku. Afisa Elton Hymon alimmulika tochi uani, akamwona uso na mikono, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuona dalili ya silaha. Kijana alipoanza kuparamia ua wa waya, afisa akamfyatulia risasi, ikampata kisogoni. Alikutwa na kipochi na dola 10. Bodi ya polisi ya kuchunguza matumizi ya silaha ililipitia jambo hilo, na baraza la wananchi wanaoamua kama mtu ashtakiwe likaletewa pia. Hakuna aliyechukua hatua, kwa sababu sheria ya Tennessee ilimruhusu afisa.

Ni baba wa marehemu aliyekwenda mahakamani, na kesi ikavutana hadi 1985, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwamba huwezi kumuua anayetoroka isipokuwa una sababu ya kuamini ni hatari kwa maisha ya watu. Majaji walieleza kuwa ruhusa ile ya kale ilitoka Uingereza, enzi ambapo karibu kila kosa kubwa lilikuwa na adhabu ya kifo. Sisi pia sheria zetu nyingi zililetwa na Waingereza hao hao, kwa hivyo sura hiyo ingemgusa msomaji wa Kayole hapa Nairobi kuliko milio yote ya risasi. Baba asiyetiwa pingu, anayerudi kazini Jumatatu, anatisha zaidi.

Mjukuu ana kamera kifuani, vizuri. Lakini kubeba bastola ya babu kazini! Ghalani kwangu kila silaha ilikuwa na namba, ukiichukua unatia sahihi, ukiirudisha risasi zinahesabiwa, na moja ikikosekana hakuna anayekwenda nyumbani. Tangu sheria yetu ya polisi ya 2011, risasi ya polisi ikiua au kujeruhi vibaya lazima IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi wa Kenya, wajulishwe. Wenzangu wengi walinung'unika. Mimi nililipenda sharti hilo, maana rejista yangu ilipata mtu wa nje wa kuisoma.

Mwandishi aendelee, ila Jumamosi ijayo mjukuu arudishe ile bastola nyumbani. Na mchoraji wenu aangalie: kwenye maandishi ni ya silinda, yeye kachora ya magazini.

Mstaafu wa Ghala,
Umoja, Nairobi