Barua ya kufunga muhula wa kwanza: kuhusu imla

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Watoto wanafunga shule leo na kila mmoja amepewa ripoti yake. Tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti, pamoja na salio la mchango wa uji kwa wale ambao hawajamaliza. Barua hii ni ya imla, maana ndiyo alama iliyowashtua wengi kwenye kikao.

Wiki mbili zilizopita niliingia Darasa la Tatu nikawasomea sentensi tano mwenyewe. Mtoto mmoja, ambaye mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, aliandika: "Baba ameninunulia karamu mbili." Nikamwambia asome alichoandika. Akasoma "kalamu mbili" bila kusita. Nikamwambia arudie, akarudia vilevile, halafu akanitazama kama vile mimi ndiye nisiyeona. Lugha ya nyumbani kwao haitenganishi r na l, kwa hiyo sikioni mwake kalamu na karamu ni neno moja. Mtoto wa namna hii ukimwambia akaliandike neno mara hamsini, atakuletea karamu hamsini.

Ndiyo maana muhula huu tumeanza na sikio kabla ya mkono. Mwalimu anataja maneno mawili mawili: kula na kura, mahali na mahari, thamani na zamani. Watoto hawaandiki kitu. Wananyoosha kidole kimoja wakisikia la kwanza, viwili wakisikia la pili. Kwenye l wanaambiwa wasikilizie ncha ya ulimi ikitulia nyuma ya meno, kwenye r wausikie ukitetema. Kelele ni nyingi, na mzazi aliyepita dirishani aliniuliza kama darasa halina mwalimu. Lipo na mwalimu.

Baada ya hapo ndipo zinakuja silabi. Kiswahili kimetuhurumia: irabu ni tano na kila moja ina sauti yake ileile popote uikutapo. Mtoto anayegawa ng'o-mbe kwa makofi mawili, akajua kwamba ng' ya ng'ombe si ng ya ngoma, anaweza kuandika hata neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza hakina huruma hiyo. "Write" na "right" hutamkwa sawa, na hapo sikio halitoshi. Kwa maneno hayo tunatumia macho: tazama neno, lifunike, liandike, funua ulinganishe.

Mimi nilifundishwa imla kwa fimbo, kosa moja kiboko kimoja. Nilichojifunza ni kukwepa. Kwenye insha niliandika "naomba" kila mahali ili nisikutane na dh ya "tafadhali". Hatutaki watoto wa kukwepa, kwa hiyo kosa la imla hapa halina adhabu. Mtoto analisahihisha mwenyewe na kuliandika nyuma ya daftari, na Ijumaa anaulizwa maneno yake mwenyewe, si ya jirani.

Likizo hii naomba dakika kumi kwa siku. Msomee sentensi tatu kwa mwendo wa kawaida, urudie mara mbili. Usimvutie herufi, "taaa-faaa", maana hakuna anayezungumza hivyo. Akimaliza, akusomee alichoandika huku kidole kikifuata kila silabi. Makosa mengi atayakamata yeye. Asiyejua kusoma asijitoe: mpe mtoto kanga, anakili maneno yaliyoandikwa kwenye kanga hiyo, halafu akusomee. Maneno ya kanga zako unayajua kwa moyo, utasikia palipopinda. (Nimeshakutana na kanga zilizokosewa, lakini hilo ni la kiwandani.)

Jambo jingine linatuhusu sisi wakubwa. Kwenye kundi letu la WhatsApp nimepokea "ctoweza kuja mwl" na "xaxa tutalipa lini". Kiswahili hakina x, na c haisimami bila h. Watoto wanashika simu hizo jioni, na Jumatatu "xaxa" inaingia kwenye daftari. Hata "kwasababu" iliyounganishwa na "nita kuja" iliyokatwa zinatoka kwetu.

Shule nayo isijifanye safi. Kibao cha getini kimeandikwa "MARUFUKU KUPITA APA" tangu mwaka jana, na tumepita mbele yake kila asubuhi. Darasa la Nne ndio walioigundua h iliyokosekana, wakaja ofisini watatu kunishtaki. Kibao kitapakwa rangi likizo hii. Neno zima tumemwandikia fundi kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.

Mkirudi, kila mtoto aje na boksi moja tupu la kukatia kadi za silabi. La sabuni au la biskuti, lolote.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu