Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka unaoisha. Hesabu mtasomewa na mweka hazina. Kwa ufupi, hatudaiwi. Mimi nitaeleza kazi mliyotutuma mkutano uliopita: kufuatilia jinsi Wamarekani walivyoyahama majumba ya sinema ya mjini wakaingia kwenye majumba ya maduka, tukianzia hapahapa jimboni Minnesota.

Ziara ya jumba la maduka la Southdale, kule Edina, kitongoji cha Minneapolis, ndiyo iliyotupa mengi. Lilipofunguliwa Oktoba 1956 lilikuwa jumba la kwanza la aina yake Marekani: maduka yote yanatazamana ndani, paa juu, na joto halibadiliki mwaka mzima. Sisi tunaoijua baridi ya Januari ya huku hatuhitaji kuelezwa kwa nini watu walifurika. Katikati palikuwa na ukumbi wenye miti na kizimba kirefu cha ndege, na maduka makubwa mawili yaliyokuwa mahasimu mjini, Dayton's na Donaldson's, yakauza chini ya paa moja.

Msanifu wake, Victor Gruen, alikuwa Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938. Wengi wetu hatukujua kwamba huko kwao alikuwa akipanda jukwaani kuwakejeli wanasiasa, na alipofika New York aliwakusanya wasanii wakimbizi wenzake wakaigiza hadi Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo. Kwangu mimi hilo linaueleza ukumbi wa Southdale kuliko hesabu yoyote ya biashara: mtu wa jukwaa alitaka watu wapate mahali pa kuonana. Kando yake alipanga pawe na nyumba, shule na hospitali. Yakajengwa maduka, na maegesho yakatanda pande zote. Mwaka 1978, akiwa mzee, alikataa katakata kuitwa baba wa majumba ya maduka, akasema yameiharibu miji.

Hata hivyo tusimbebeshe Gruen lawama zote. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa tayari imezibana kampuni kubwa za filamu, zikalazimika kuachana na majumba yao ya sinema. Televisheni ikaingia sebuleni, familia zikahamia vitongojini. Minnesota Theatre ya Minneapolis, iliyofunguliwa 1928 na viti takribani 4,000, ilibomolewa 1959. Kisha sinema nazo zikawafuata wateja: mwaka 1963 mfanyabiashara wa sinema Stan Durwood alifungua kumbi mbili za sinema pamoja kwenye jumba la maduka la Kansas City.

Kwenye mjadala wetu wapo walioyalilia sana majumba ya zamani. Nawaelewa, ila tusisahau kwamba majimbo ya Kusini mtu mweusi alipanda ngazi za pembeni akakae roshani ya juu kabisa, ikiwa aliruhusiwa kuingia.

Yako yaliyosalimika. State na Orpheum, yote ya 1921, bado yanapokea watu katikati ya Minneapolis. Orpheum liliwahi kumilikiwa na mwanamuziki Bob Dylan na ndugu yake kabla jiji halijalinunua.

Kwa mwaka ujao, kamati inapendekeza twende Heights, jumba la sinema la 1926 lililoko Columbia Heights, ambako kinanda kikubwa cha mabomba, cha kampuni ya Wurlitzer, bado kinapigwa. Ada ya uanachama inabaki ileile. Mwenye nafasi kwenye gari lake amwone katibu kabla hatujatawanyika.

Mwenyekiti