Sufuria Kichwani: Barua kwa Mwanangu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Mama yako hajambo, na kuku wake wazima. Juzi kwenye simu ulinyamaza nilipokuuliza juu ya ile kazi ya kusimama mbele ya darasa, nikajua umemwachia mwenzako asome. Sikugombezi. Ugonjwa huo umeurithi kwangu.

Kwenye harusi ya dada yako niliombwa neno la shukrani, nikasingizia tumbo. Ulikuwa mdogo, ukaniletea maji ya tangawizi, nami nikayanywa yote mbele yako.

Tangu nistaafu nasoma habari za Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma. Jina lao linatokana na stoa, neno la Kigiriki ambalo sisi wa pwani hatuhitaji kamusi kulielewa: ni baraza. Mwalimu wao wa kwanza, Zeno, alikuwa mfanyabiashara wa Kupro. Husimuliwa kwamba chombo chake kilizama na shehena ya rangi ya zambarau, akaishia Athens, na karibu mwaka 300 kabla ya Kristo akawa anafundisha barazani. Lakini kabla ya hapo alikuwa na haya kupita kiasi. Mwalimu wake, Crates, akampa chungu cha dengu apite nacho katikati ya watu. Zeno akawa anakificha. Crates akakipiga fimbo kikavunjika, dengu zikamchuruzika miguuni, naye akatimua mbio. Crates akamwuliza anakimbia nini, na hakuna baya lililompata.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikaenda kununua daftari.

Ukurasa wa kushoto naandika ninachoogopa kwamba kitatokea. Nikishafanya, kulia naandika kilichotokea. Jaribio la kwanza lilikuwa kujitwika sufuria ya maharage ya nazi, mwanamume mzima wa miaka 61, kutoka nyumbani hadi Barabara ya 12, saa kumi na moja jioni mabaraza yamejaa. Kushoto: "Watanicheka. Watasema mzee karukwa na akili. Shangazi yako atapiga simu." Kulia: mmoja aliuliza shughuli iko wapi. Muuza kahawa akaniambia sufuria imelala upande, ninyooshe shingo. Basi.

Seneca naye, Mstoa wa Roma, alimwandikia rafiki yake Lucilius atenge siku chache za chakula duni na nguo mbovu, halafu ajiulize kama hicho ndicho alichokuwa akikiogopa. Nikajaribu siku tatu za uji mweupe na kulala mkekani. Mama yako akadhani nimemsusia, akaninunia mpaka Ijumaa. Hilo sikuwa nimeliandika kushoto.

Usije ukajaribu kila kitu, lakini. Raskazone bahari ikichafuka, kaa nchi kavu. Woga wa mawimbi una akili yake, na kwa mwoga huenda kicheko, kama alivyozoea kusema babu yako. Ila mimi methali hiyo nilijifichia hata mahali pasipo na wimbi lolote.

Mwezi uliopita palikuwa na mkutano wa mtaa juu ya mtaro ulioziba. Kushoto niliandika: nitasahau, sauti itatetemeka, nitakaa chini. Kulia: nilisahau, sauti ikatetemeka, sikukaa. Mtaro bado umeziba. Epictetus, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu, alitaka kwanza mtu atenge yaliyo mikononi mwake na yasiyokuwamo. Mtaro haumo. Mkono kuunyoosha ulikuwamo, na miaka yote hiyo sikuunyoosha.

Wewe anza na dogo: uliza swali moja darasani, hata kama jibu unalijua.

Daftari ndilo hili nililolifunga pamoja na barua. Kurasa za mwanzo ni zangu, usizichane, na mama yako usimwonyeshe ile ya uji. Chini yake kuna visheti. Kondakta nimeshamlipa, usimpe hela nyingine.

Baba yako